Nzi wa Jicho la Kulia

Watu wa ujenzi walimwita Dari, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupaka rangi dari, na hakuna aliyekumbuka kama aliwahi kupaka kitu kingine. Kuta aliwaachia wenzake. Yeye alipanda jukwaani asubuhi, akainua uso, na mpaka jioni alikuwa bado anatazama juu, shingo imemkaza kama mtu anayesubiri mvua. Dari zake zilikuwa nyeupe pe, hazina alama ya rola wala mchirizi wa brashi, na wahandisi waliokuwa na haraka ya kukabidhi majengo walikubali kumngoja yeye kuliko kumchukua mwingine.

Siku alipoliona doa, alikuwa anamalizia ukumbi wa maktaba mpya. Mkono wa mwisho wa rangi ulishakauka. Alishuka, akarudi nyuma hadi mlangoni aitazame kazi yake kama alivyozoea, na pale katikati ya dari akaona kitu cheusi cha mviringo, chenye mkia mwembamba kama uzi.

"Wewe Kimya," alimwita mwenzake, "nani karusha uchafu kule juu?"

Kimya alikuwa fundi wa kupaka rangi kuta, na jina hilo alipewa kwa kejeli, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuja na rola mkononi, akainua shingo.

"Wapi?"

"Pale katikati. Nadhani ni nzi kaganda kwenye rangi."

"Mimi sioni nzi wala mbu. Naona weupe mtupu mpaka macho yananiuma. Dari, leo umekula kweli?"

Dari alipanda tena na brashi ndogo. Alipofika juu, doa lilikuwa limehamia pembeni. Akalifuata, likasogea. Alipotazama kushoto lilikwenda kushoto. Alipotulia, nalo likatulia, kisha likaanza kuzama taratibu kama jani la chai kikombeni. Akafumba jicho la kushoto: lipo. Akafumba la kulia: halipo. Akakaa kwenye ubao wa jukwaa, miguu inaning'inia, akaelewa kwamba nzi hakuwa darini. Alikuwa ndani ya jicho lake la kulia.

Kimya hakuambiwa kitu. Dari alipitisha brashi kavu pale palipokuwa safi, ili aonekane amefuta, akashuka.

Kilichomfunga mdomo kilikuwa baba yake. Mzee yule alikuwa fundi viatu, na alipofika umri huu aliokuwa nao Dari sasa alianza kulalamika kwamba anaona moshi. Hakwenda hospitali. Miaka michache baadaye alikuwa haoni kabisa, na maisha yaliyobaki aliyamaliza kwenye kiti karibu na dirisha, akiuliza kila aliyeingia yeye ni nani. Dari ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka chooni, kumpeleka kwa kinyozi, kumpeleka misibani. Alijua vizuri safari hiyo inavyokwenda. Sasa aliamini imefika zamu yake.

Basi akaamua mambo mawili. La kwanza, mkewe asijue mpaka pasiwe na namna. La pili, giza likija limkute amejiandaa.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, na alitoka nyumbani alfajiri watu wengine wakiwa bado wanajigeuza kitandani. Pacha wenyewe, msichana na mvulana, walishakua wakaenda kujitegemea, hivyo nyumba ilikuwa tupu. Mke akishaondoka tu, Dari alifumba macho na kuanza mazoezi. Alitembea kutoka chumbani hadi bafuni akipapasa ukuta. Alichagua nguo kabatini kwa kugusa kola. Alijifunza kufunga vifungo, kunyoa ndevu, kutofautisha funguo. Mara kwa mara alijigonga kwenye kona ya meza, na kuna kigoda kimoja cha jikoni alichokipiga teke kila siku hadi akakichukia kama mtu.

"Magoti yako yamefanya nini?" Mama Pacha aliuliza alipomwona amevaa kaptura.

"Jukwaa hilo. Mbao zimelegea."

"Waambie wazikaze basi. Utarudi hapa vipande vipande."

Kazini mambo yalizidi kuharibika. Nzi hakuondoka. Kwenye kuta za rangi alimsahau, lakini dari nyeupe ilikuwa kama karatasi, na yeye kama wino. Dari akajizoeza kumpuuza: akiona doa, anajiambia ni lilelile, anaendelea. Mpaka siku ya kukabidhi ofisi moja ya mawakili, mhandisi alipoingia, akainua kidole.

"Fundi, lile ni nini?"

Lilikuwa doa la mafuta, jeusi na la mviringo, juu kabisa ya mahali pa meza ya mapokezi. Dari alikuwa ameliona tangu jana yake. Aliliona, akaliacha, kwa kuwa alidhani ni nzi wake.

Kimya, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hakusema neno. Hilo ndilo lililomuumiza Dari zaidi ya maneno ya mhandisi. Alilirekebisha doa mwenyewe, akafungasha brashi zake, na tangu siku hiyo kila alipoitwa kwa kazi ya dari alisema shingo inamsumbua. Akachukua kazi za kupaka mageti na madirisha ya chuma. Watu wakashangaa, kisha wakazoea.

Ilikuwa siku ya kawaida tu, kabla ya adhuhuri, bomba kubwa la jikoni shuleni lilipopasuka, maji yakafurika hadi kwenye stoo ya unga, na wapishi wakaambiwa warudi nyumbani. Mama Pacha aliingia kwake kwa mlango wa nyuma ambao ulikuwa wazi. Akamkuta mumewe amesimama mbele ya jiko, macho ameyafumba kabisa, birika mkono wa kulia, na kidole cha mkono wa kushoto amekitumbukiza kikombeni kuhisi chai imefika wapi.

Alisimama pale bila kutoa sauti. Alimtazama akijaza kikombe, akiweka birika chini kwa kupapasa, akitafuta sukari, akigusa chumvi, akiinusa, akiirudisha.

"Baba Pacha," alisema mwishowe, "unasali au unaiba?"

Dari alishtuka, kikombe kikaanguka.

"Umerudi saa hizi?"

"Nijibu kwanza mimi. Unafanya nini?"

"Nachemsha chai."

"Kwa macho yaliyofumbwa?"

"Moshi unaniuma."

"Moshi gani? Hili jiko la gesi."

Hakuwa na uongo mwingine. Alikaa kwenye kigoda kilekile alichokichukia, chai inatiririka hadi miguuni, akamweleza yote: nzi, maktaba, doa la mafuta, baba yake, mazoezi. Alizungumza akitazama sakafu. Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho, na alipomaliza, alimfokea.

"Miezi yote hii unajifundisha upofu humu ndani, peke yako, kama mwizi! Na mimi nilishaanza kufikiri una mwanamke."

"Mwanamke?"

"Umeacha kazi unayoipenda, hunitazami usoni, umeanza kunyoa ndevu kila siku. Ningefikiri nini? Kitu kimoja tu kilinichanganya: ni mwanamke gani anayempiga mtu magotini?"

Dari alicheka bila kupenda. Yeye hakucheka.

"Vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Kwa daktari wa macho. Vaa viatu. Au unataka nikungoje uvitafute kwa kupapasa?"

Kliniki ya macho ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ofisi. Muuguzi alimwekea matone ya kupanua mboni, akamwambia akae kwenye benchi mpaka yafanye kazi. Kila alichokitazama karibu kilianza kuwa ukungu. Dari alishika mkono wa mkewe na kuubana.

"Yameanza kuondoka," alinong'ona.

"Ni dawa, baba. Kila aliyekaa kwenye benchi hili haoni vizuri. Yule mzee pale ameshika gazeti juu chini."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, mikono isiyo na haraka. Alimwambia aweke kidevu kwenye mashine, akawasha mwanga, akatazama jicho la kulia kwa muda mrefu, kisha la kushoto, kisha akarudi la kulia. Alimwuliza kama anaona mimweko kama ya radi pembeni. Hapana. Kama kuna kivuli kinachoshuka kama pazia. Hapana. Alipima presha ya macho, akatazama mshipa wa nyuma, akaandika, akaandika tena. Mama Pacha, aliyekaa kwenye kona na pochi magotini, alishindwa kuvumilia.

"Daktari, mwambie tu. Atapofuka?"

"Nani kasema atapofuka?"

"Yeye."

Daktari aligeuza kiti chake, akamtazama Dari.

"Ndani ya jicho kuna ute mzito, kama ute wa yai bichi. Ukiwa kijana umejaa na umeshikana na ukuta wa nyuma. Umri ukienda, unalegea, unabanduka. Wako umebanduka, na pale ulipokuwa umeshika pamebaki kipande kama pete. Mwanga ukiingia, kipande hicho kinatupa kivuli. Wewe unaona nzi. Wengine wanaona nywele, wengine utando wa buibui. Nimetafuta kama ulichana kitu wakati wa kubanduka. Haukuchana. Retina, yaani huo ukuta wa nyuma, iko salama, presha ya jicho iko sawa, mshipa uko sawa. Hutapofuka kwa hili."

"Baba yangu aliona moshi."

"Baba yako sikumpima, siwezi kusema alikuwa na nini. Kwa sababu yake nitataka nikuone kila mwaka. Lakini macho niliyoyatazama leo ni yako, na yako yanaona. Ila ukiona mimweko, au huyo nzi mmoja akageuka kundi, au pazia likashuka, njoo siku hiyohiyo. Usiende kujifungia na birika."

Mama Pacha alikuwa ameshamsimulia muuguzi habari za birika, na muuguzi hakukaa nazo, alimfikishia daktari.

Dari alitoka mle ndani wima. Kwenye korido alisimama, akajishika kiuno, akavuta pumzi kama mtu aliyetua gunia. Alipogeuka kumtazama mkewe, mwanamke yule aliyekuwa akifoka tangu nyumbani alikuwa ameegemea ukuta, analia kwa kwikwi, mdomo ameuziba kwa ushungi.

"Sasa unalia nini? Si amesema sipofuki?"

"Ndiyo maana nalia. Niache."

Akamwacha alie. Akasimama kando yake, akimkinga na macho ya wapita njia kwa mgongo wake mpana, mpaka alipopenga kamasi na kusema, "Twende, nina njaa."

Daktari alikuwa amemshauri asubiri kwanza, kwa kuwa watu wengi humzoea nzi wao, na akili hujifunza kumpuuza. Dari alisubiri. Alirudi kwenye dari, na safari hii alimwambia Kimya ukweli, jambo ambalo ni sawa na kulitangaza redioni. Kabla ya chakula cha mchana jengo zima lilijua. "Dari, nzi wako keshakunywa chai?" waliuliza mafundi bomba. "Mpe kibarua naye, ashike ndoo." Alicheka nao. Hofu ilikuwa imeondoka, na usiku alilala. Lakini kazi ilibaki ngumu. Kila doa ilibidi alithibitishe kwa kufumba jicho moja, na mtu anayekonyeza dari kutwa nzima haonekani mwenye akili timamu. Jioni kichwa kilimgonga. Alipoona miezi imepita na nzi hajachoka, alirudi kliniki.

"Nimejaribu kumzoea," alimwambia daktari. "Labda ningekuwa mchimba kisima ningeweza. Mimi natazama weupe."

Daktari alimpima upya, akipima hasa mahali kivuli kilipokaa. Akamweleza kwamba vivuli vingi havitibiki kwa mwanga mkali wa leza, kwa kuwa viko karibu mno na lenzi ya jicho mbele au na retina nyuma, na mtu asiharibu nyumba akifukuza nzi. "Wako amekaa katikati, mbali na kuta zote mbili. Huyo naweza kumpiga. Lakini siwezi kukuahidi jicho la mtoto mchanga. Huenda akapungua, huenda akavunjika akabaki vumbi, huenda tukarudia. Na kuna hatari, ndogo lakini zipo: presha kupanda, lenzi kuguswa, hata retina. Nenda ukafikiri."

Alikwenda akafikiri, na kwa bahati mbaya alifikiri mbele ya Kimya.

"Leza?" alisema Kimya. "Ile ile inayokata vyuma kiwandani? Shemeji yangu aliiona ikikata bati kama mkate. Wewe unataka iingie jichoni?"

Kwa hiyo siku ya matibabu Dari aliingia na jasho mgongoni, na swali la kwanza alilouliza lilikuwa hilohilo.

Daktari alicheka. "Ukoo ni mmoja, ndiyo. Lakini ile ya kiwandani ni kaka mkubwa, anafanya kazi za nguvu. Hii ni kitinda mimba, imelelewa kwa adabu. Weka kidevu hapa."

Alimwekea matone ya ganzi, kisha lenzi ndogo yenye majimaji mazito, baridi kama sabuni ya maji. Muuguzi akasimama nyuma, akamshika kisogo kwa viganja viwili. Mama Pacha aliruhusiwa kukaa kwenye kona, kwa masharti.

"Usipepese macho!" alisema kabla ya chochote kuanza.

"Mama, apepese tu," alisema muuguzi, "lenzi imeshika kope."

"Haya. Basi usipumue sana."

"Mama."

"Nimenyamaza."

Dari aliona nukta nyekundu zikicheza, zikakutana, zikawa moja. Kisha kikasikika kishindo kidogo, ta, kama mtu anayevunja kijiti. Hakikuuma. Ta, tena. Alikuwa ameng'ang'ania vishikio vya mashine mpaka vidole vimekufa ganzi. Ta. Na hapo akamwona nzi, kwa uwazi kuliko siku zote, mweusi katikati ya mwanga, akikatika mkia. Kipande kikameguka pembeni. Vikatokea vipovu vidogo vyeusi, vikateremka taratibu, vikapotea. Ta, ta.

"Anavunjika," alisema, kwa sauti ya mtoto.

"Namwona," alisema daktari. "Usizungumze, kidevu kinacheza."

Lilikuwa jambo la ajabu kwake: kitu alichokiona yeye peke yake muda wote ule, alichodhani ni siri kati yake na baba yake marehemu, sasa kulikuwa na mtu mwingine anayekiona, anakilenga, anakivunja kipande kwa kipande huku akihema kwa utulivu upande wa pili wa mashine. Akalegeza vidole. Pumzi ikamtoka yote.

Walipomaliza alikaa kwenye benchi, presha ikapimwa tena, ikawa shwari. Mama Pacha alimvalisha miwani ya jua na kumwongoza ngazini.

"Naona, mama," alisema Dari. "Ukungu tu, lakini naona."

"Najua unaona. Nimependa kukushika."

Asubuhi iliyofuata alikwenda dirishani kabla ya kunawa uso. Pete haikuwapo. Palikuwa na makombo, kama vumbi linaloelea kwenye mwale wa jua, na moja kubwa kidogo lililokwenda na kurudi. Alivunjika moyo kwa muda wa chai moja, kisha akajikuta ameoga, amevaa, amefika barabarani, na hajamkumbuka nzi hata mara moja. Alirudi kliniki mara ya pili kwa lile kombo lililobaki, na safari hiyo hakuwa na jasho. Yeye ndiye aliyemtuliza mgonjwa mwenzake kwenye benchi, kijana mmoja wa benki aliyekuwa akitafuna kucha. "Haiumi," alimwambia. "Inapiga kelele tu, kama mke wangu."

"Nimekusikia," alisema Mama Pacha.

Baada ya hapo kilibaki kiuzi chembamba pembeni, ambacho alikiona akikitafuta tu. "Basi usikitafute," daktari alisema. Alipewa kazi ya dari za wodi mpya ya wazazi, na alizipaka kwa macho yote mawili wazi, toka chumba cha kwanza hadi cha mwisho, akiimba. Kimya alilalamika kwamba heri shingo ingekuwa inamuuma Dari kweli, maana sauti yake ni mbaya kuliko ugonjwa wowote.

Siku ya kupimwa mara ya mwisho, daktari aliridhika, akafunga jalada, na alipokuwa anawaaga akamwona Mama Pacha akisoma tarehe ya miadi ya mwaka unaofuata, karatasi ameinyoosha mbele kwa urefu wote wa mkono.

"Na wewe mama, mkono ukikuishia utafanyaje?"

"Mimi naona vizuri sana."

"Kaa hapa."

Alikaa kwa kununa. Wakamjaribisha miwani ya kusomea, moja, nyingine, na ya tatu ikamfaa. Alisoma karatasi. Akasoma maandishi madogo yaliyokuwa chini ya karatasi. Akatazama viganja vyake mwenyewe, mistari yake, makovu ya mafuta ya moto. Kisha akamgeukia mumewe, akamvuta shati mpaka nyuso zikakaribiana, akamchunguza paji la uso, mashavu, mvi za kidevuni.

"Haa! Kumbe umezeeka hivi?"

"Vua hiyo miwani," alisema Dari.

Hakuivua. Aliivaa njia nzima mpaka nyumbani, ingawa alishaambiwa ni ya kusomea, na kila baada ya hatua chache alimsimamisha mumewe barabarani amtazame tena kwa karibu, huku wanacheka wote wawili mpaka watu wanageuka.